Nimezungushwa Lagos siku nzima kwa jina la Murtala Muhammed, haya ndo maoni yangu

Habari za saizi wakuu. Kuna watu niliwaahidi nikirudi Lagos ntawaandikia kuhusu yale matembezi, basi samahani kwa kuchelewa, mzigo ulinikalia bandarini na akili yote ilikua huko.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilikua Lagos siku tisa kwa ajili ya vitambaa, soko la Balogun wauza vitenge wa Kariakoo wanalijua kama nyumbani kwao, na Alhamisi moja nikajikuta sina kazi maana mzee niliekua nimepanga kuonana nae alipata msiba. Dada wa mapokezi pale nilipofikia Yaba akaniambia badala ya kukaa ukodolee tivii nenda kazunguke, kuna jamaa wana kibasi, wanakutembeza mji mzima kwa stori ya mtu mmoja tu, Jenerali Murtala Muhammed, alipokua anapita, alipopigwa risasi, na mwisho wanakupeleka makumbusho ukalione gari alilofia. Dola 45 kwa kichwa. Nikasema hela yenyewe ntaimalizia kwenye suya na bando, twende.

Jina la kampuni silitaji. Kuna sehemu ntawasema, na kijana aliekua anatuongoza alitutendea vizuri, sitaki mtu akose eba yake (ugali wao wa muhogo) kwa ajili yangu.

Mi Murtala nilikua namjua kama uwanja wa ndege. Kweli kabisa, jina liko kwenye tiketi, unatua, unapanga mstari wa uhamiaji, unatoka, huulizi. Kumbe huyu bwana alitawala Nigeria siku 200 kasoro moja, kuanzia 29 Julai 1975 mpaka 13 Februari 1976. Mtoto aliezaliwa siku anachukua nchi, siku anauawa ndo kwanza alikua anajifunza kukaa. Kachukua nchi ana miaka 36, kafa ana 37. Afu ndani ya hizo siku kafanya mambo ambayo wengine wanakaa ikulu miaka kumi hawajamaliza hata kuyaundia kamati.

Haya, huduma yenyewe. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, kibasi kikafika saa nne kasoro robo, na hakuna aliepiga simu kusema samahani. Kiyoyozi kinafanya kazi kwa dereva na abiria wa mbele, sisi wa nyuma tulikua tunapata harufu yake tu. Tulikua sita: mzee mmoja na mkewe wa Kaduna, ndugu wawili wanaishi Houston wamekuja likizo, mwanafunzi wa chuo alieandika kwenye daftari siku nzima bila kuongea, na mi. Kijana alivyojua natoka Dar akaniita Tanzania mpaka jioni. "Tanzania, umeelewa?" Nimeelewa kaka.

Ila kitu cha kwanza alichofanya nikasema huyu kazi anaijua. Aligawa noti ya naira 20 mpya kwa kila mtu, akasema tusiitumie, na kweli hata ungetaka hainunui kitu cha maana saivi. Upande mmoja sura ya Murtala, ilianza kutoka 1977, mwaka mmoja baada ya kuuawa. Akasema geuzeni. Nyuma kuna mama anafinyanga chungu, anaitwa Ladi Kwali, mfinyanzi aliejulikana dunia nzima, yeye wamemuweka baadae sana. Akatuuliza mnajua huyu mama anahusiana nini na huyu mwanajeshi? Kimya. Basi kwao Kwali kuko ndani ya lile eneo Murtala alilolitenga kua makao makuu, yaani Abuja. Noti hiyohiyo moja, mbele alieamua, nyuma mtu wa pale palipoamuliwa. Nilikua na zile noti mfukoni siku sita, sikuwahi kugeuza.

Tukaingia Third Mainland Bridge na foleni ikatushika hapohapo juu ya maji. Wao wanaiita go-slow. Kama umewahi kukaa Ubungo enzi zile kabla ya flaiova, zidisha mara mbili afu ongeza watu wanaouza soseji za kuoka dirishani. Kijana wala hakupaniki, inaonekana stori zake amezipima kwa foleni, akaanza na Gowon.

Julai 1975 Gowon, aliekua ameshaongoza miaka tisa, alikua Kampala kwenye kikao cha OAU, ule umoja wa nchi za Afrika, mwenyeji Idi Amin. Nyerere hakwenda kile kikao, alisusa kwasababu ya huyohuyo Amin, hiyo niliichomekea mimi na mzee wa Kaduna akanipa tano. Basi Gowon yuko Kampala, redio Lagos ikatangaza kwamba yeye sio kiongozi tena, hakuna hata risasi moja. Na alietangaza ni Kanali Joseph Garba, mkuu wa kikosi cha kumlinda Gowon mwenyewe. Fikiria mlinzi wa getini kwako ndo anakupigia simu kwamba usirudi. Gowon akaishia Uingereza, chuo kikuu cha Warwick, jenerali mzima anapanga mstari kantini na sahani yake pamoja na vijana wa miaka 19.

Sehemu ya saruji ndo ilinigusa mimi kama mtu wa mizigo. Ile serikali ya Gowon ilikua na hela ya mafuta mpaka inamwagika, wakaagiza saruji kama tani milioni 20 wakati bandari ya Lagos haikua na uwezo wa kuipokea hata kidogo, meli mamia kwa mamia zikatia nanga nje zinasubiri zamu, na kila siku ya kusubiri Nigeria inalipa demareji, ile faini ya kuchelewesha meli. Kuna saruji iligandia ndani ya meli, ikawa jiwe. Jamani mi nimelipa demareji ya kontena moja nikakosa usingizi wiki nzima, sembuse nchi inayolipia bahari yote ile. Kijana alieleza vizuri kwamba watu walivyosikia Gowon katolewa walishangilia kwa sababu za aina hiyo, bei, foleni, mafuta hayapatikani kwenye nchi ya mafuta, na magavana wa kijeshi wanatajirika mbele ya macho yao. Magavana walikua 12, ukafanyika uchunguzi, kumi wakakutwa na mali zisizoelezeka, zikataifishwa.

Afu ndo akaja kwenye lile neno. Amri zote za Murtala zilikua zinaishia na "kuanzia sasa hivi", mpaka likawa neno la mtaani, watoto wanalichezea. Kijana akawa anatufanyisha kama shuleni, yeye anasema fulani ameondolewa kazini, kibasi kizima tunajibu "kuanzia sasa hivi!" Konda wa daladala la pembeni (wao danfo, zile za njano) akatuangalia kama tumechanganyikiwa. Sisi tungesema kutumbua majipu, sema hii ilikua watumishi zaidi ya 10,000 ndani ya miezi michache, mahakimu, maprofesa, polisi, makarani, mabalozi, wengine bila kiinua mgongo.

Hapo mzee wa Kaduna akatoa miwani. Akasema kaka yake alikua reli, miaka 22 kazini, jina lake alilisikia redioni akiwa anakula. Hakuna barua, hakuna kikao. Bosi wake aliemuandika kwenye orodha walikua na ugomvi wa kiwanja. Afu huyohuyo mzee akasema lakini Murtala alikua mtu safi, alikua anaanza na mali zake mwenyewe. Mkewe akamwambia kaka yako alikufa na presha. Mzee akavaa miwani. Sehemu hii haimo kwenye dola 45, ni bahati ya abiria uliopangwa nao, lakini mi naihesabu.

Abuja aliipitia haraka nikaona nisaidie. Kamati ya Jaji Aguda ilipendekeza, Februari 1976 ikawa sheria, wiki moja na ushee kabla hajauawa, na serikali ikahama rasmi Desemba 1991. Nikawaambia sisi tuliamua Dodoma 1973, tukawatangulia, afu wao wakahama sisi bado tunakagua viwanja, mpaka 2016 ndo mawaziri wakaanza kufungasha. Walicheka sana. Siku ileile tarehe 3 Februari alikua ametangaza majimbo mapya 7, yakafika 19 kutoka yale 12. Na alishaweka kalenda kwamba jeshi linarudi kambini 1 Oktoba 1979, na kweli Obasanjo aliemrithi alikabidhi siku hiyohiyo kwa Shagari. Kwa Afrika ya miaka ile mwanajeshi kutaja tarehe na tarehe ikafika, hilo halikua jambo dogo.

Kuna na Angola, hii wakongwe wenzangu wataipenda. Novemba 1975 Nigeria ikaitambua serikali ya MPLA, chama cha wapigania uhuru wa Angola, baada ya kuona makaburu wa Afrika Kusini wameingiza jeshi. Rais Ford wa Marekani akawaandikia viongozi wa Afrika barua ya kuwavuta upande wake, Murtala akaianika hadharani na kuikataa, afu Januari 1976 akaenda Addis Ababa kwenye kikao cha dharura akahutubia kwamba Afrika imekua mtu mzima, haipangiwi tena na dola yoyote. Kikao chenyewe kikagawanyika 22 kwa 22 juu ya kuitambua MPLA. Nigeria na Tanzania zilikaa upande mmoja. Kijana alisema hili kwa sauti ya kuniangalia mimi, kama ananikabidhi zawadi, na nilifurahi kweli, lakini ndo hapohapo kitu kikaanza kunikereketa maana Nigeria na Tanzania hazikuanza kukaa upande mmoja. Ntarudi.

Ikoyi ndo sehemu bora ya siku. Kibasi kilisimama karibu na yale majengo makubwa ya Sekretarieti ya Shirikisho, yale yaliyokaa miaka mingi matupu baada ya serikali kuhamia Abuja. Wazo la Murtala ndo lilikuja kuyafanya magofu, na yeye alifia jirani yake. Kijana akazima kipaza sauti, akaanza kuongea kwa mdomo tu.

Murtala hakuhamia kwenye kambi ya Dodan, ambako Gowon alikua anaishi na ndo palikua kama ikulu. Alibaki nyumbani kwake Ikoyi, asubuhi anaenda ofisini na Mercedes nyeusi, hakuna msafara, hakuna ving'ora, hakuna pikipiki za mbele. Ndani dereva, mpambe wake Luteni Akinsehinwa, na mlinzi. Silaha ya kuonekana ni bastola ya mpambe. Ijumaa tarehe 13 Februari, saa mbili na dakika kadhaa asubuhi, gari likasimama kwenye foleni kama gari la mtu yeyote. Wakatokea watu waliovaa majoho, bunduki ziko ndani ya majoho, wakamimina. Akafa yeye, mpambe na dereva, mlinzi akapona.

Sasa wewe unasikiliza hayo na wewe mwenyewe uko kwenye foleni, jua la saa sita, gari la mbele yako halisogei, kuna mtu anapita katikati ya magari ameshika kitu na huoni vizuri ni nini (alikua anauza chaja). Nilielewa kwa mgongo. Sisi Dar msafara ukipita tunasimamishwa pembeni nusu saa, saa nzima, tunatukana kimoyomoyo, mama mjamzito yuko kwenye bajaji hapiti. Kuna mkuu wa nchi alikataa kuwafanyia watu hivyo na foleni ikamuua. Sijui nifanye nini na hiyo habari, nimekaa nayo mpaka leo.

Stori ya Dimka ilitupa ahueni. Luteni Kanali Buka Suka Dimka, mkuu wa mafunzo ya viungo jeshini, yaani mwalimu wa mazoezi, baada ya kuua akaenda redioni akatangaza mapinduzi na marufuku ya kutembea kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Mchana! Usiku mtembee. Wanigeria wanacheka mpaka leo na mi nilicheka zaidi yao, maana kwa Kiswahili ni saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, ungebaki unauliza ipi kwenda ipi. Afu akaenda ubalozi wa Uingereza kuomba waongee na Gowon kwa niaba yake, wakamtoa. Mapinduzi hayakufika jioni. Alitoroka kama wiki tatu, wakamkamata upande wa Abakaliki mwezi Machi, Mei akapigwa risasi gereza la Kirikiri. Na waziri wa ulinzi, Meja Jenerali Bisalla, nae alipigwa risasi kwa kesi hiyohiyo. Ukiacha foleni, hapo ndo nilipoona kijana ana kipaji, aliigiza sauti ya Dimka redioni mpaka ndugu wa Houston wakatoa machozi.

Sasa lile la kunikereketa. Mi nimekulia Kinondoni. Mpira nimechezea viwanja vya Biafra, mikutano ya injili Biafra, kampeni Biafra, mama akikutafuta jioni anasema atakua Biafra huyo. Unakua mpaka unaota ndevu hujauliza kwanini uwanja wa Kinondoni una jina la vita ya Nigeria. Nilikuja kusoma mwenyewe ukubwani kwamba Tanzania ndo nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, lile eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, 13 Aprili 1968. Na nikiwa nasoma hayo ndo nilikutana na Murtala kabla sijajua kwamba ni Murtala huyu wa uwanja wa ndege.

Kwenye ile vita alikua kamanda wa Divisheni ya Pili. Aliurudisha mji wa Benin Septemba 1967, akasukuma mpaka Asaba, ukingoni mwa mto Niger. Asaba haikua hata Biafra, iko upande huu wa mto, wa Lagos, lakini watu wake wanaongea Kiigbo. Wanajeshi walivyoingia wakaanza kuua wanaume nyumba kwa nyumba. Tarehe 7 Oktoba wazee wa mji wakaona wawatulize, wakatoa watu wote barabarani na nguo zao nyeupe za sherehe, akwa ocha, wanacheza na kuimba Nigeria moja. Wakatenganishwa, wanawake huku, wanaume na watoto wa kiume huku, wakapelekwa mtaa wa Ogbe-Osowa, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Mamia. Kuna familia zilibaki hazina mwanaume hata mmoja wa kuzika. Sisemi yeye ndo alitamka ile amri pale, hilo watu wanabishana mpaka leo, nasema divisheni ilikua yake. Afu akajaribu kuvuka mto kwenda Onitsha mara tatu na askari wake wengi wakaishia majini. Machi 1968 msafara wa divisheni yake ukateketezwa Abagana, wiki mbili baadae Nyerere akaitambua Biafra.

Hivyo vyote kijana alivifunika kwa sentensi moja: "Alipigana vita kuiweka nchi pamoja, kisha akawa waziri wa mawasiliano." Nikanyoosha mkono. Nikauliza, na Asaba?

Kibasi kikawa kimya, yaani unasikia kile kiyoyozi cha mbele. Kijana akatabasamu, akasema hiyo haipo kwenye programu, Tanzania. Mke wa mzee wa Kaduna akaangalia dirishani. Mwanafunzi kwa mara ya kwanza akaacha kuandika.

Tulivyoshuka kula, sehemu kama mama ntilie wa kwetu, wao wanaita buka, kijana akaja kukaa meza yangu. (Chakula hakimo kwenye bei ingawa kwenye ujumbe wao waliandika "kila kitu ndani". Egusi na eba, tamu, pilipili ni adhabu, omba maji kabla hujaanza.) Akaniambia taratibu, oga (yaani bosi), mi naijua Asaba. Wiki moja nina watu wa Kano, kwao Murtala, wiki nyingine nina watu wa Enugu, Waigbo, wiki nyingine wote pamoja, na basi ni dogo. Mwaka juzi nilikua naisema, wateja wawili wakashikana mashati hapo Obalende, dereva akatushusha wote. Tangu hapo nimeitoa. Mi nikamwambia sasa si unasema nusu ya mtu? Akasema nusu ndo inalipa ada ya wadogo zangu. Akaniongezea nyama kwenye sahani yangu kutoka ya kwake.

Namuelewa. Lakini nilielipa dola 45 ni mimi, na kwenye tangazo wameandika maisha yake, hawajaandika siku zake 200. Kama dakika kumi zinapatikana za kuigiza Dimka na dakika tano za kupiga kelele "kuanzia sasa hivi", Asaba inakosaje hata dakika mbili? Mwaka 2002 Gowon mwenyewe alienda Asaba akaomba radhi, mkuu wa nchi wa wakati wa vita, akiwa hai, na watu wakamsikiliza. Kama wenye msiba walikaa wakasikiliza, abiria sita wa kibasi wanashindwaje?

Mwisho makumbusho ya taifa, Onikan. Hapa sina neno baya, mahali pametulia, kuna miti, kuna vichwa vya udongo vya Nok vina miaka zaidi ya elfu mbili na ukisimama navyo unajiona umezaliwa jana. Simu tuliambiwa tuziweke. Gari liko sehemu ya viongozi wa nchi, Mercedes nyeusi.

Nilitegemea kitu kikubwa. Ni gari dogo. Ndo neno la kwanza lililonitoka, dogo hivi? Saluni ya kawaida, ukiipita leo Mwenge imepaki nje ya gereji hugeuki. Matundu ya risasi yako kwenye kioo na kwenye bodi, na ya kwenye bodi ni madogo kuliko nilivyowaza, kidole hakipiti, rangi imebanduka kuzunguka kila tundu kama kigaga cha kidonda. Huwezi kugusa na hakuna aliejaribu. Ndugu wa Houston walikua wanaongea tangu asubuhi, pale walinyamaza. Mzee wa Kaduna akainua mikono akasoma fatiha kwa sauti ya chini, nami nikajibu amin. Mkewe alisimama mbali kidogo. Mi nikawa naangalia kioo nikawaza watu wa nguo nyeupe, nikashindwa kuwatoa, nikaangalia tena kioo. Mpambe na dereva ndo nilijikuta nawafikiria zaidi, Akinsehinwa alikua luteni tu, na dereva alikua kazini kwake anasubiri gari la mbele lisogee.

Kijana hakuongea kitu pale kama dakika tano nzima. Hiyo nampa alama peke yake, kuna waongozaji wanaojua kuongea na wachache wanaojua kunyamaza.

Kwa anaetaka kwenda. Nenda siku ya kazi, usidanganywe na Jumapili kwamba barabara nyeupe, bila foleni hii stori inapungua nusu. Kaa mbele. Uliza mapema kama kiingilio kimo, sisi tuliambiwa kimo afu mlangoni tukaombwa tena, nikalipa kwasababu nilikua nimechoka kubishana kwa Kiingereza cha jua kali. Kurudi Yaba ilikua saa mbili usiku badala ya kumi na moja, msipange kitu jioni. Kama una mtoto chini ya miaka kumi muache. Noti ya naira 20 unabaki nayo, yangu iko kwenye pochi nyuma ya kitambulisho cha NIDA.

Nawapa nyota tatu na nusu. Kijana peke yake ni tano, kibasi ni mbili, ile sentensi moja imekula zilizobaki.

Alinitumia ujumbe juzi WhatsApp anaomba niandike maoni, nikamwambia naandika na nimekupunguzia kwa ajili ya Asaba. Akatuma kicheko, afu baada ya muda akaandika kwamba siku nikirudi atanipeleka mwenyewe, nje ya kampuni, ila ni kilometa 400 na ushee kwenda tu, mafuta nani analipa. Narudi Lagos kabla ya msimu wa sikukuu. Kama kuna mtu anaenda kipindi hicho aseme, tugawane mafuta.